London hadi Amsterdam na mama mzee: ndege au treni?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu safari ya kutoka London kwenda Amsterdam nitakayoifanya na mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 74 na anasumbuliwa na magoti. Umbali wa angani ni takriban kilomita 360 na ndege huchukua kama saa 1 na robo, lakini nikijumlisha kuwahi uwanja wa ndege wa Heathrow, ukaguzi na mwendo mrefu ndani ya Schiphol, uwanja wa Amsterdam, naona muda unakaribia saa 4 za treni ya Eurostar, inayopita chini ya bahari na kumshusha abiria katikati ya jiji. Moyo wangu umeegemea treni. Je, mliowahi kusafiri na mzazi mzee, ni njia ipi haikumchosha, na kiti cha magurudumu mlikiomba siku ngapi kabla?