Kufunga kizazi: matundu ya kamera au chale ndogo?

Tumaini_L
Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tumeridhika na watoto tuliojaliwa, nataka kufunga mirija. Daktari amenipa njia mbili: matundu ya kamera, au chale moja ndogo juu ya kinena. Kitinda mimba wetu tayari anatembea. Ipi inampa mtu nafuu mapema? Na nijiandae vipi?

MamaPacha
Dada, mimi nilifanyiwa kwa kamera. Vidonda havikunisumbua, kilichoniuma ni bega! Tumbo hujazwa gesi ili daktari aone vizuri, na inayobaki huchokoza kiwambo cha chini ya mapafu, ndiyo maana maumivu yanajitokeza begani. Yaliisha baada ya siku chache, nikawa natembeatembea polepole. Nilipigwa nusu kaputi, kwa hiyo nilizinduka na kichefuchefu. Kovu sasa hata silioni.

Bi_Rehema
Mimi chale ndogo. Ganzi ya pale pale na dawa ya kutuliza, nasikia wanavyoongea. Mirija ikishikwa unahisi kuvutwa kwa ndani, inakera lakini ni muda mfupi. Kidonda kiliuma nikikohoa au kucheka, nikawa nabana mto tumboni. Hilo la mto usilidharau mwanangu.

Nesi_Salome
Kwa kuzuia mimba njia zote mbili zinatosha, na kinga huanza siku hiyo hiyo. Kamera huacha maumivu kidogo ya kidonda, ila inahitaji vifaa na mtaalamu aliyeizoea. Mimi ningemchagua daktari mwenye mkono mzoefu kabla ya kuchagua njia.

Maandalizi: endelea na uzazi wa mpango unaotumia mpaka siku yenyewe, maana ukiingia na mimba changa mambo yanaharibika. Chakula acha masaa 8 kabla ya upasuaji; maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi masaa 2 kabla, fuata utakavyoambiwa. Taja kila dawa unayotumia. Vua vito, ondoa rangi ya kucha, vaa nguo isiyobana, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Baadaye pumzika siku 2. Wiki nzima usinyanyue kitu kizito, na hapa akina mama wengi ndipo wanapojiumiza, kwa sababu mtoto mdogo akilia hawezi kungoja. Panga mapema nani atambeba. Tendo la ndoa lisubiri angalau wiki, au mpaka maumivu yaishe. Paracetamol au ibuprofen zinafaa, aspirini hapana, inachelewesha damu kuganda. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, kidonda kuvimba au kuwa cha moto, kuzimia, tumbo kuuma kwa kuzidi: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

BabaImani
Shemeji, sisi tulipoambiwa hayo yote nikaenda kufunga mimi. Kwa mwanaume ni upasuaji mwepesi na salama zaidi, tumbo halifunguliwi. Ila mnaendelea na kinga nyingine kwa miezi 3, kisha mbegu zinapimwa. Ongeeni kwanza.

Tumaini_L
Asanteni sana. Shemeji, tumeshaliongea, mimi ndiye niliyetaka. Nesi, nimesikia siku hizi wengine wanatolewa mirija yote. Hedhi inakatika?

Nesi_Salome
Haikatiki, ovari na kizazi vinabaki. Ila kama ulikuwa kwenye vidonge au sindano, hedhi inaweza kubadilika kwa sababu umeviacha. Kutoa mirija yote kunapunguza hatari ya saratani ya ovari, kwa hiyo muulize daktari wako. Lakini hapo hakuna kuunganisha tena. Ikifungwa tu, takriban wanawake 5 kati ya 1,000 hupata mimba mwaka wa kwanza, na mimba hiyo inaweza kutunga nje ya kizazi. Hedhi ikichelewa na tumbo likauma upande mmoja, usisubiri kesho.