Dume langu changa linampanda mbwa mzee kila jioni, nifanyeje?

MamaZuwena_Mikindani
Habari zenu ndugu zangu. Nina mbwa 2 wa kienyeji hapa Mikindani, wote madume. Chui ana miaka 9. Nilimtoa shambani Nanyamba baada ya mguu wake wa nyuma kukakamaa, asiweze tena kukimbizana na tumbili kwenye mikorosho. Simba ana mwaka mmoja na miezi 4. Chakula hawagombei na wanalala kibaraza kimoja.

Mchana kutwa wametulia chini ya mwembe. Ikifika saa 12 jioni, pikipiki ya mume wangu ikisikika njia panda, Simba anaanza kuzunguka. Anamwekea Chui kidevu mgongoni, mkia umesimama wima, halafu anampanda na kumbana kiuno. Mzee anajaribu kukaza miguu, ule mbovu unateleza, anakwenda chini. Wiki iliyopita uvumilivu ulimwisha, akamchana mwenzake sikio. Mume wangu akamchapa Simba fimbo. Kesho yake akampanda mara 3.

Majirani wanasema dume kumpanda dume ni pepo. Mimi siamini, ila roho inaniuma. Chui amenilindia korosho misimu 7. Nimhasi Simba, au nimgawe?

Chinga_wa_Mitema
Pole mama. Mhasi tu, wa kwangu alitulia kabisa.

Mzee_Nachingwea
Pole dada. Hili limenitesa hata mimi, na wa kwangu alikuwa jike. Majike nao wanapanda, hata waliofungwa kizazi, kwa hiyo hao wa pepo waache. Mbwa akizidiwa na furaha au wasiwasi, akakosa pa kuupeleka, anamrukia aliye karibu. Wewe mwenyewe umeshataja chanzo: pikipiki.

Fimbo iwekeni kando. Simba hajui anachapwa kwa lipi. Anachoshika ni kwamba saa 12 pana kipigo, anazidi kuchachawa.

Mimi nilifanya hivi. Saa 11 nilimtembeza mpaka achoke. Nyie mna ufukwe hapo, tumieni. Akirudi, kamba nyepesi shingoni iburuzwe chini, ukiwepo tu, usije ukamwacha nayo ikanasa. Kaa nao pikipiki inapoingia. Kile kidevu mgongoni ndiyo saa yako. Usingoje apande. Muite kwa sauti ya kawaida, akija mpe dagaa mmoja mkavu, akae chini, mpe mwingine. Akikaidi, shika kamba umwongoze pembeni dakika 2 au 3, bila kelele. Mume wako naye aingie kimya, asimsalimie mbwa yeyote mpaka miguu yote 4 iwe chini.

Na mzee apate pake. Mtengee kona yenye kizuizi ambako kijana hafiki, ale na alale kwa amani. Akinguruma msimkaripie. Ndivyo anavyosema basi, na mkimnyamazisha, siku nyingine atauma bila kuonya.

Mimi ilinichukua wiki 5.

Mtu_wa_Mifugo_Masasi
Naongezea, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Kuhasi kunasaidia madume wengi, ila ni kwa daktari wa mifugo na dawa ya usingizi, si wembe wa mtaani. Homoni hushuka taratibu kwa wiki kadhaa, na kwa muda huo bado anaweza kumpa jike mimba. Mazoea yenyewe hubaki, kwa hiyo mafunzo ya mzee hapo juu yanahitajika vilevile.

Kabla ya hapo, mwangalie Simba. Anajilamba sana sehemu za siri? Anakojoa kidogo kidogo? Kuna kivimbe au matone ya damu? Mojawapo likiwepo, apimwe kwanza. Uliza pia kama jirani ana jike lenye joto, yaani linalotaka dume, maana joto huchukua kama wiki 3 na madume wa mtaa mzima huchachamaa. Na huyo Chui apimwe mguu. Mbwa mwenye maumivu hukasirika upesi.

Wakishikana, msiingize mikono. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

MamaZuwena_Mikindani
Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti mume wangu akisikiliza. Leo siku ya 9. Jike lenye joto lipo, nyumba ya tatu, na mwenyewe amekubali kulifungia ndani. Simba hajilambi wala hana kivimbe. Daktari atakuja Jumamosi kumwona Chui mguu, tutapanga naye na ya kuhasi.

Jana pikipiki ililia, Simba akamwekea mzee kidevu. Nikamwita. Akaniangalia, akamwangalia Chui, akaniangalia tena, akaja. Nimempa dagaa 4 badala ya mmoja, mzee wa Nachingwea unisamehe.

Juzi lakini alimpanda, nilikuwa jikoni nasonga ugali. Kizuizi cha kona ya Chui fundi anamalizia kesho.