Gorrie wa Apalachicola: daktari, meya na mashine ya barafu

Dogo Chuo: Shikamooni wakubwa. Kesho nawasilisha mada darasani kuhusu John Gorrie wa Marekani. Huku naona daktari, kule meya, kwingine mtengeneza barafu. Ni watu watatu au mmoja?

Shangazi Muuguzi: Marahaba mwanangu. Ni mmoja.

Kaka Mwalimu: Alihitimu udaktari 1827 huko Fairfield, New York. Mwaka 1833 akahamia Apalachicola, bandari ndogo ya Florida kwenye Ghuba ya Meksiko. Florida ilikuwa bado haijawa jimbo, ujimbo ilipata 1845. Pamba iliyolimwa na watumwa huko bara iliteremshwa kwa mto na kupakiwa melini hapo. Gorrie alisimamia posta, akaingia baraza la mji, na 1837 akawa meya.

Dogo Chuo: Kwa hiyo niandike "aliacha udaktari akaingia siasa"?

Kaka Mwalimu: Usiandike hivyo, utakosea. Alikuwa meya huku anatibu. Kazi ya kutibu aliiweka kando miaka ya 1840, na kilichomtoa huko ni mashine, siyo siasa.

Shangazi Muuguzi: Anza na homa, maana bila homa mashine haieleweki. Mji ule ulisumbuliwa na malaria na homa ya manjano, na 1841 homa ya manjano iliushika vibaya. Madaktari wa enzi zile waliamini ugonjwa unatokana na hewa chafu ya vinamasi. Hata neno malaria kwa Kiitaliano ni "hewa mbaya". Gorrie naye aliamini hivyo, akahimiza vinamasi vikaushwe. Tena kila mtu aliona kwamba baridi kali ya kwanza ikishuka, homa ya manjano inakatika. Akasema basi, tumletee mgonjwa baridi chumbani.

Dogo Chuo: Alikosea?

Shangazi Muuguzi: Alichokiona ni kweli, sababu ndiyo siyo. Baridi inamzima mbu. Mgonjwa ambaye virusi viko damuni tayari haponi kwa ajili yake, ingawa anapata nafuu ya joto. Na hapa uwe makini, wengi wanachanganya: kukausha kinamasi kunampunguza Anopheles, mbu wa malaria. Aedes aegypti wa homa ya manjano anazaa kwenye maji yaliyotulia ndani ya mapipa na mitungi karibu na nyumba, tena anauma mchana. Kwa huyo, mfereji wa kinamasi hausaidii, kinachosaidia ni kufunika pipa. Ndiye huyo huyo anayeleta dengue hapa Dar. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alimtaja mbu kuwa ndiye mwambukizaji 1881, na kundi la Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, likathibitisha Cuba mwaka 1900. Gorrie alikuwa kaburini miaka 45.

Mjomba Fundi Friji: Nimewasoma. Sasa chumba chenyewe. Alitundika beseni la barafu karibu na dari. Hewa ikaingizwa kwa juu, ikapita kwenye barafu, ikawa nzito, ikashuka kwa mgonjwa, ikatokea kwenye tundu karibu na sakafu. Hapo hakuna feni, ni uzito wa hewa baridi tu. Ukiliweka beseni chini, chumba hakipoi. Tatizo likawa barafu yenyewe: ilikatwa kwenye maziwa ya kaskazini na kuletwa kwa meli, ghali, na meli ikichelewa hakuna kitu. Ndiyo maana akaunda mashine ya kuitengeneza mwenyewe.

Dogo Chuo: Mashine ilifanyaje, mjomba?

Mjomba Fundi Friji: Silinda mbili. Ya kwanza inashindilia hewa, nayo inapata moto kama pampu ya baiskeli. Wakati huo huo maji yanarushwa ndani ya silinda kuondoa lile joto. Hewa iliyopoa ikiwa bado na presha inakwenda silinda ya pili, inatanuka na kusukuma pistoni. Hapo ndipo ubaridi unapotoka. Sisitiza neno KUSUKUMA: hewa ikiachiwa tu ipite tunduni bila kufanya kazi, haipoi hata robo ya hapo. Na nguvu ya pistoni ile inarudi kusaidia pampu. Hewa hiyo baridi inapoza maji ya chumvi, nayo ndiyo yanayochukua joto la maji yanayogandishwa, kwa kuwa yenyewe hayagandi kwenye nyuzi 0.

Mjomba Fundi Friji: Hesabu, bila kuhesabu hasara: hewa ya nyuzi 27 ukiipandisha hadi presha mara mbili inafika karibu nyuzi 93. Ipoze hadi 30, itanue, inashuka kama nyuzi 24 chini ya sifuri.

Dogo Chuo: Mbona friji zetu hazitumii hewa?

Mjomba Fundi Friji: Hewa inabeba joto kidogo mno. Kilo moja ya maji ya nyuzi 27 hadi iwe barafu inabidi utoe kama kilojuli 447 za joto (kilojuli ni kipimo cha nishati). Kilo ya hewa ikitoka 24 chini ya sifuri hadi 4 chini ya sifuri inabeba 20 tu. Kwa hiyo kilo 22 za hewa, mita za ujazo 19, kwa kilo moja ya barafu! Gesi inayogeuka kimiminika na kurudi mvuke inabeba mara nyingi zaidi. Amonia, mojawapo ya gesi hizo, inapita kilojuli 1,300 kwa kilo. Halafu unyevu wa hewa unaganda kwenye valvu na kuziziba. Pistoni kubwa, msuguano mwingi, mvujo mwingi.

Kaka Mwalimu: Hataza yake ya Marekani, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ni namba 8080, tarehe 6 Mei 1851. Mshirika wake mwenye fedha alifariki, mtaji mwingine haukupatikana. Gorrie akafa 29 Juni 1855 bila mashine kuingia sokoni. Mwaka 1914 Florida iliweka sanamu yake katika jengo la Bunge, Washington. Mimi naona inamstahili.

Dogo Chuo: Mashine ya hewa ilikufa naye?

Mjomba Fundi Friji: Hapana. Ndege nyingi za abiria zinapoza hewa kwa njia hiyo hiyo: hewa ya presha kutoka kwenye injini inapozwa, inatanukia kwenye tabo (gurudumu la mapezi linalozungushwa na hewa), inaingia kwa abiria. Hewa ikivuja angani si hatari, na vyombo vyake ni vyepesi. Mchoro nitakutumia jioni, silinda zote mbili nimezitia namba.