Ushauri: Eti kampuni ni moja, kwa hiyo spea zinaingiliana? Nina Actros, nataka kuongeza Freightliner

Mzigo wa Alfajiri:
Habari zenu wakuu. Nina vichwa viwili vya lori la Mercedes-Benz Actros, vyote vimetoka kiwanda cha Wörth, Ujerumani, na kazi vinafanya. Nimepata mkataba wa kubeba kontena, nahitaji kichwa cha tatu. Kuna muuzaji anasisitiza nichukue lori la Kimarekani, Freightliner Cascadia iliyotumika, injini ya Detroit DD13. Anasema mama yao ni mmoja, Daimler Truck, hivyo spea nilizojaza stoo zitaingia na fundi wangu hatahangaika. Huyohuyo ana basi lenye nyota ya Mercedes ambalo mke wangu amelipenda kwa biashara ya abiria. Hela hii nimeidunduliza miaka minne. Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hata senti.

Fundi Nozeli:
Mkuu, anachokwambia ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokula hela zako. Ni kweli Daimler waliinunua Freightliner mwaka 1981. Ni kweli pia kwamba DD13 na OM471, injini ya Actros za karibuni, ni ndugu wa tumbo moja, silinda sita mstari mmoja, lita 12.8. Fuso ya Japani nayo ilipata ndugu yao, 6R10.

Sasa nenda kwenye betri. Actros ni volti 24. Freightliner ni volti 12, kama ilivyo kawaida ya malori ya Marekani. Stata, altaneta, balbu, relei, vyote hivyo haviazimani. Niliwahi kuletewa kichwa cha Kimarekani ambacho mtu alikiunga betri kwa kufuatanisha, chanya kwa hasi, zikatoa volti 24, alivyozoea kwenye malori ya Ulaya. Nilipofunua kifuniko cha fyuzi, plastiki ilikuwa imeyeyuka ikagandamana na nyaya kama nta ya mshumaa, na harufu ilikaa gereji siku mbili. Kompyuta ya injini ilikuwa imekufa. Tajiri wa lile lori alikaa chini kwenye tairi bila kusema neno.

Hebu niambie, Actros zako ni za mwaka gani?

Mzigo wa Alfajiri:
Zote mbili ni za 2008.

Fundi Nozeli:
Basi hata ile nusu ya ukweli imeondoka. OM471 iliingia na Actros mpya ya mwaka 2011. Zako ni za kabla ya hapo, OM501, ile V6, silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Pistoni, gasketi, nozeli, hakuna utakachotoa stoo ukakifunga kwenye DD13. Mashine ya kusomea hitilafu nayo ni nyingine, Wamarekani wana programu yao. Sisemi Cascadia ni mbaya, ni lori zuri sana. Ila utakuwa unaanza stoo ya pili kwa ajili ya gari moja.

Masafa Marefu:
Naongezea upande wa usukani. Ile pua ya Cascadia haikuwekwa kwa urembo. Ulaya wanapima kichwa na tela kwa pamoja, mita 16.5, ndiyo maana kebini imekalishwa juu ya injini ili nafasi yote iende kwenye mzigo. Marekani, sheria ya mwaka 1982 ilizuia majimbo kuweka kikomo cha urefu wa jumla kwenye barabara kuu za taifa, wakabaki kupima tela. Kichwa kikaachwa kirefuke. Ukilala humo unalala kweli, na kufungua boneti kuliko kupindua kebini ni raha kwa fundi. Lakini kaka, kazi yako ni ya kontena. Geti jembamba na yadi iliyobanana vitakutesa kila siku. Soketi ya umeme wa tela nayo utalazimika kuibadilisha, kwa sababu ya hizohizo volti.

Binti Stendi:
Shemeji, mimi naongelea basi, maana hapo wengi tumeumia. Nyota ya mbele haitoshi, soma namba ya chasisi. Ikianza na WDB ni Ujerumani, NMB ni Uturuki, 9BM ni Brazil. Brazil wamekuwa na kiwanda São Bernardo do Campo tangu 1956, na chasisi zao za mabasi huenda kuvalishwa bodi na kampuni nyingine. Tourismo, basi la Mercedes la Uturuki, hutoka kiwandani ikiwa basi kamili.

Langu lilikuwa la chasisi. Kioo cha mbele kilipopasuka nikaagiza spea kwa namba ya chasisi, nikajibiwa kwamba namba hiyo haina kioo. Kumbe kioo, milango na viti ni vya aliyejenga bodi. Basi lililala wiki tano, madereva wananiangalia na mimi nawaangalia. Tafuta kibao cha mjenzi wa bodi, mara nyingi kiko karibu na mlango.

Na akikugeuzia Sprinter, ile veni ya Mercedes, jua kwamba malori na mabasi ya Daimler yalipotengana na magari madogo Desemba 2021, veni zilibaki upande wa Mercedes-Benz. Usidhani wakala wa lori lazima ahudumie zote.

Fundi Nozeli:
Dada amesema kweli. Jambo la mwisho, dizeli. Ukipewa kichwa cha Yuro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi, au cha Marekani cha 2010 kuja juu, kina chujio la masizi na tangi la urea, kimiminika cha kusafishia moshi. Hivyo vinataka dizeli yenye salfa kidogo mno. Waulize unakonunua mafuta kabla ya kuuliza bei ya lori.

Mzigo wa Alfajiri:
Wakuu, asanteni kwa moyo wote. Nimerudi yadi mchana huu. Cascadia nimeiacha, natafuta Actros nyingine ya V6. Basi namba yake inaanza na 9BM, na kibao cha bodi kimepakwa rangi juu, hakisomeki. Muuzaji anasema hakina umuhimu.

Binti Stendi:
Kwaruza hiyo rangi taratibu kwa ukucha au chukua karatasi, weka juu, usugue na penseli. Herufi zimegongwa, zitatokea. Akikukataza, mwambie wifi atafute basi lingine.