Wakuu wa Linux, hizi apdeti mlimtengenezea nani?

Leo natoa povu, modi ukitaka futa uzi lakini nitakuwa nimeshasema.

Kila siku humu "achana na Windows, piga Linux, bure, nyepesi, haina virusi", haya, mfumo huo wa kuendeshea kompyuta tumeupiga. Nina steshenari, mashine za mtumba, nikaweka distro moja, yaani aina mojawapo ya Linux (jina silitaji, wafuasi wake wana hasira kuliko mashabiki wa Simba na Yanga) na ukweli usemwe kuchapa barua, kuskani, kuprinti, inapiga kazi vizuri tu. Balaa ni apdeti. Kadirisha kakatokea, binti anayekaa dukani akabonyeza kama anavyobonyeza kwenye simu yake, bando la hotspoti likaliwa bila hata kuulizwa, na ikiwa katikati ya kuinstoli umeme ukakatika. Betri za laptopu za mtumba mnazijua.

Umeme kurudi, mashine inawaka ila haikubali kuinstoli wala kuapdeti chochote, inasema dpkg (kile kinachoinstoli programu) ilikatishwa, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike mwenyewe sudo dpkg --configure -a. Jamani! Ugonjwa inaujua, dawa inaijua, mpaka amri yenyewe imekuandikia herufi kwa herufi, sasa si iiendeshe yenyewe?? Kuna faida gani binti wa watu aje aikopi hiyo amri huku foleni ya wateja wanataka fomu za mkopo wa chuo?

Haya nikaja nikaiandika mimi. Ikaenda kidogo ikasimama, eti kuna faili huko /etc (folda ya mafaili ya mipangilio) limebadilika, je unataka jipya lililokuja na programu au ubaki na lako, chagua Y, I, N, O, D au Z. Langu lipi? Hilo faili hata sikujua kama lipo duniani. Kwenda kuuliza kwenye grupu, wa kwanza "soma manyuo", wa pili "ungeweka Arch" (distro ya mafundi hiyo), wa tatu "nunua UPS". Asanteni sana kwa msaada.

Na asije mtu kuniambia kiufundi haiwezekani. Android tangu toleo la 7 mwaka 2016 ina mpangilio wa sehemu mbili, apdeti inaandikwa sehemu ya pili wewe unaendelea kuchati, ukirestati inahamia huko, ikigoma kuwaka inarudi ilikotoka na hakuna anayekuuliza herufi. Chromebook hivyohivyo, na zote hizo keneli yake, yaani kiini cha mfumo, ni Linux hiihii! Hata kwenye distro zenyewe, openSUSE ukiiweka kwa Btrfs (namna ya kupanga mafaili kwenye diski) inapiga picha ya mfumo, yaani nakala ya hali yake, kabla ya kuapdeti, kikinuka unachagua ya nyuma kwenye menyu ya kuwashia. Fedora Silverblue apdeti inaingia nzima au haiingii kabisa. Mint wana Timeshift ya kupiga picha hizohizo, kitu kizuri sana, ila usipoiseti mapema mwenyewe siku ya msiba haikujui. Kwa hiyo vitu vipo, ila mgeni akiuliza aanze na ipi mnamwambia "yoyote tu mkuu, zote sawa". Zote sawa wapi?

Halafu hii ya matoleo ndo inanimaliza kabisa. Mgeni anataka Ubuntu, distro maarufu, anakuta kuna LTS (toleo la huduma ya muda mrefu) na kuna jipya zaidi, nani ataacha jipya? Aliyechukua 24.10 ya Oktoba 2024, Julai 2025 huduma ikakata, maana zisizo LTS ni miezi 9 tu wakati LTS ni miaka 5, baadaye mafaili yanahamishwa kwenye seva ya matoleo ya zamani na yeye akiapdeti anapokea 404 (faili halipo) mstari baada ya mstari anadhani intaneti yake mbovu. Kwani kuandika kwa herufi kubwa "hili litakufa baada ya miezi 9" kunagharimu shilingi ngapi?

Ninachodai: picha ya mfumo ijipige yenyewe kabla ya kila apdeti bila mtu kuseti, umeme ukikata ijirekebishe ikiwaka, iseme inakula MB ngapi na ikiwa kwenye hotspoti isubiri, na yale maswali ya /etc waulizwe wanaosimamia seva, siyo steshenari.

Na wale wa "rudi Windows" niwajibu kabisa, Windows 10 huduma ya bure iliisha Oktoba 14, 2025 na ya 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) ambayo mashine zangu hazina, kwa hiyo nipo sana humu, zoeeni.