Naomba ushauri: FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa ada ya chuo Marekani) ya binti yangu, tujaze tena au tuache?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa wazazi mlio Marekani wenye watoto chuoni.

Binti yangu anamaliza mwaka wa kwanza hapa Ohio. Alipata Pell Grant, ruzuku ya serikali isiyorudishwa, na ndiyo iliyotubeba. Najua FAFSA hujazwa upya kila mwaka. Kinachonisumbua ni kwamba fomu ya 2026-27 inaangalia kodi ya 2024, na mwaka ule nilipiga sana ovataimu. Sasa ovataimu imefutwa, kipato kimeshuka, ila karatasi zinaonyesha hela tunazo. Mama yake anasema tusijisumbue, tutanyimwa tu.

Mimi naona tujaze, maana hata mikopo ya serikali na vibarua vya chuoni vinapitia fomu hiyo hiyo. Kisha tuiombe ofisi ya misaada ya chuo ipitie upya kipato chetu. Kuna aliyewahi kuomba hivyo? Walitaka vielelezo gani, hati za mshahara au barua ya mwajiri? Na niende sasa, au nisubiri kwanza majibu yatoke? Mtoto ana alama nzuri, sitaki akwame kwa ajili ya ada.