Chai, kamba, chuku, tambo: nyie mnatofautishaje?

MtuWaKihonda:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa kasimulia eti mjomba wake alifukuzwa na simba pale Mikumi usiku, yuko na baiskeli, cheni ikakatika na bado simba kaachwa. Mmoja akasema hiyo chai, mwingine akasema anatupiga kamba, mzee mmoja akasema hapana huyu anapiga chuku tu, maana barabara ya Iringa kweli inakatiza katikati ya hifadhi na simba wapo. Sasa haya maneno ni kitu kimoja au kila moja na kazi yake? Na zile tambo za Simba na Yanga tunaziweka wapi?

mama_wa_Makorora:
Si kitu kimoja mkuu. Mi naangaliaga msemaji anataka nini kwangu. Chai ni ya kunogesha baraza tu, hakuna anayepoteza kitu, ukimuuliza vitafunwa viko wapi anacheka na kuendelea. Kamba ndo ina kazi, gari langu limeshafika bandarini limebaki ushuru tu, niazime laki mbili Ijumaa narudisha na ya soda. Stori ikiishia kwenye namba ya kutumia hela ujue ushafungwa. Fiksi wengi wanaichanganya na kamba na sioni shida.

Pwani_Asilia:
Huyo mzee wenu yuko sahihi kabisa. Chuku lazima iwe na ukweli chini yake, samaki wa kilo tatu anakuwa wa kilo thelathini lakini samaki yupo. Kama hakuna samaki hiyo sio chuku, ni uongo mtupu. Na vijana wengi hawajui kuwa chuku ni ile pembe ya kuumikia, mtu anabandikwa mgongoni inanyonya damu na ngozi inavimba kama andazi. Mimi hujiambia neno limetokea hapo, kitu kidogo kinavutwa mpaka kinavimba, ila hiyo ni akili yangu msije mkaninukuu.

Odijo_254:
Sisi Nairobi tunaita stori za jaba. Msee ameanza kutafuna miraa saa kumi, ikifika usiku ashajenga gorofa, ashanunua Subaru, anapanga vile atagombea ubunge, asubuhi anakuomba mia ya matatu. Siku hizi si lazima hata uwe umetafuna, ukiongea makubwa tu unaambiwa wacha jaba. Mwanasiasa naye akiahidi tunasema hiyo ni hewa.

mama_wa_Makorora:
@Odijo_254 hahaa hewa hata huku ipo, 2016 si tulihesabu watumishi hewa nchi nzima, wanakula mshahara na hawapo.

Jangwani_Damu:
Nijibu la tambo. Tambo sio uongo jamani, kwenye tambo kila mtu anajua unajisifu na siku ya hukumu inajulikana, ni dakika 90. Manara kawatambia Yanga miaka yote akiwa msemaji wa Simba, 2021 kahamia Yanga akaanza kuwatambia Simba kwa mdomo uleule, wako walionuna wako waliocheka lakini mchezo ulikuwa uleule. Ile tano bila ya 2012 watani zetu Simba wameilia ubwabwa miaka zaidi ya kumi, sisi Yanga tukaja kuwajibu tano moja Novemba 2023, sasa hivi nikikunyoshea vidole vitano sokoni huna cha kujibu na sijasema hata neno. Wahaya nao wana kivugo, mtu anasimama anajitapa kwa ushairi mbele za watu, hiyo ni fasihi kabisa inafundishwa shuleni. Ukimwita yule muongo utakuwa unamkosea.

bwana_samaki_Mza:
Mi sikubaliani na mama hapo kwenye kamba. Kwetu hapa Mwanza kamba ni zote, hata ya utani, dogo akichelewa kurudi dukani anaambiwa acha kamba na hajaomba mtu hela. Na mmesahau ngebe.

Odijo_254:
Ngebe ndio nini sasa?

bwana_samaki_Mza:
Mdomo usiotulia. Haihitaji stori wala mjomba, mtu anajibu kabla hajaulizwa, anagombana na konda kwa nauli ambayo hajalipia yeye. Wewe msome tu Jangwani_Damu hapo juu utaelewa